Nyatiti ya Jirani Kwenye Meza ya Ukaguzi

Nyumbani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mama alimwita Jirani, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo ungejua kama siku hiyo wamepatana au hawajapatana. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la baraza la jiji, naye alimwita Jirani, kwa heshima na kwa ufupi, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache. Sisi watoto tukafuata. Nilikuwa nimeshamaliza shule ndipo nikaona jina lake kamili limeandikwa mahali, nikashangaa kwamba alikuwa nalo.

Tulikaa jijini, mtaa wa Kaloleni, katika nyumba moja ya mawe iliyogawanywa kati ya familia mbili: vyumba viwili vyetu, viwili vyao, na jikoni moja ambamo mama yangu na mke wake waligombania nafasi kwa adabu kwa zaidi ya miaka ishirini. Sisi watu wa Ukambani, wao Wajaluo, watu wa ziwani. Jirani alikuwa seremala katika karakana ya reli, kazi yake viti na madirisha ya mabehewa. Asubuhi alitoka king'ora kikilia, jioni akarudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Jumamosi alasiri alitoa kigoda barazani, akapiga nyatiti.

Kwa asiyeijua, nyatiti ni bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili ya mti inachomoza kutoka bakulini, juu imeunganishwa na mti wa tatu, na hapo ndipo nyuzi nane zinapofungwa. Mpigaji huketi kwenye kigoda karibu nayo, huvaa njuga mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete nene ya chuma anayoigonga kwenye mbao kutoa mpigo. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Vijana wa mtaa waliokuwa na redio za kaseti walimtania wakipita. "Niaje mzee, hiyo gita yako inatumia stima ama makaa?" Yeye alijibu kwamba inatumia mguu, akaigonga ile pete mara moja, ko, nao wakacheka wakaenda zao. Wengine walijifanya wanaenda, wakasimama kwenye kona wasikilize.

Mimi riziki yangu imetokana na kufungua mizigo ya watu kwenye uwanja wa ndege, kwa hiyo nina tabia mbaya ya kumpima mtu kwa namna anavyofunga vitu vyake. Kuna anayefunga kwa hofu, kamba juu ya kamba. Kuna anayerundika tu, utadhani nyumba inaungua. Jirani aliifunga nyatiti kwa shuka jeupe ambalo mke wake alilifuma maua pembeni, fundo moja tu, na fundo hilo alilifungua kwa mkono mmoja bila kuliangalia. Nimekagua mizigo ya mabalozi na bado sijaona aliyefunga vizuri hivyo.

Watu wa kwao Jirani wana desturi ambayo mimi naiheshimu kuliko sheria nyingi nilizosomeshwa. Mpigaji akiwa katikati ya wimbo, msikilizaji yeyote anaweza kuusimamisha. Anainua mkono, anasema ngoja kwanza, anatoa sarafu, na nyuzi zinanyamaza. Lakini huwezi kuukata wimbo wa watu halafu ukakaa kimya. Ukishausimamisha ni lazima ujitaje mbele ya wote: wewe ni nani, umezaliwa na nani, una lipi la kujivunia. Wenyewe huita pakruok, yaani kujisifu, na hakuna anayekuona una majivuno, kwa sababu zamu ni ya kila mtu. Ukimaliza, mpigaji anayachukua maneno yako anayatia ndani ya wimbo, nawe unarudi kukaa ukiwa umeongezeka urefu kidogo.

Kaloleni ya siku zile ilijaa watu ambao kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa hakuna aliyewauliza wao ni nani. Makarani, matarishi, wafagizi, wapanga mizigo wa stesheni. Namkumbuka mzee mmoja mwembamba aliyefagia jengo moja la ofisi mjini. Miezi mingi alikuja akasikiliza akaondoka. Siku moja akainua mkono, nyuzi zikanyamaza, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuingia katika jengo lile kila siku, na mkubwa wao akifika anamkuta yeye ameshafika. Alisema hayo tu. Jirani aliyaimba maneno yale mara nyingi mno, akiyapindua huku na kule, mpaka hata sisi ambao hatukujua Kijaluo tukayashika. Jumatatu nilimwona yule mzee akielekea kazini kupitia njia ya Muthurwa, na nakuambia hakuwa anatembea, alikuwa anakagua gwaride.

Usidhani basi kwamba baraza lile lilikuwa mahali pa kusema lolote. Jamaa mmoja aliyechinja na kuuza nyama Soko la Burma aliwahi kuusimamisha wimbo akaanza kujisifu vizuri, halafu akateleza akaanza kumsema vibaya mke wa mwenzake. Jirani yetu hakugomba. Alilitandaza shuka, akapiga fundo lake moja, akabeba kigoda akaingia ndani. Jumamosi mbili hakutoka. Yule mwuza nyama alikuja mlangoni na mfupa mkubwa wa supu uliofungwa kwenye gazeti, akaomba radhi jikoni mbele ya wanawake, na wiki iliyofuata tukasikia ko, ko, ko barazani. Mama alisema hajawahi kuona mtu anayetoza faini bila kufungua mdomo.

Alikuwa na mambo yasiyokubaliana. Kwa kuwa ni mtu wa reli, alikuwa mtu wa saa. Ukimwahidi saa nne ukaja saa nne na robo, alikutazama kama treni iliyopotea njia. Hata hivyo wimbo wake haukuwa na mwisho unaojulikana, na ukimwuliza utaisha lini alikuambia usimkimbize. Alichukia kelele. Nyumbani kwao mlango haukubamizwa, na mtoto aliyepaaza sauti aliitwa akaambiwa aseme tena jambo lile lile kwa sauti ya kanisani. Lakini aliogopa ghorofa kupita kiasi, na rafiki yake wa karakana alipohamia fleti za Kariobangi, chumba cha juu, Jirani alikataa kabisa kupanda. Kwa miaka mitatu wakaamkiana yule akiwa dirishani juu na huyu akiwa chini barabarani, kwa sauti ambayo mtaa mzima ulijua nani ana mafua na nani ameoza jino. Mtu huyo huyo, alipoletewa tiketi ya ndege, alikubali kabla barua iliyokuja nayo haijasomwa mpaka mwisho.

Na hili ndilo lililonishinda kabisa: mtu aliyewapa wote nafasi ya kujitaja, yeye pale barazani hakujitaja hata siku moja. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilimkuta peke yake barazani akibadilisha uzi. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe, lakini yeye alitumia nailoni ya kuvulia samaki. Nikamwuliza, "Na wewe Jirani, wewe ni nani?" Aliufikiria ule uzi kwa muda, akaukaza, akaugusa usikike, akasema, "Mimi ni mtu wa zamu ya asubuhi." Nikaona amenidharau. Nilinuna mpaka jioni.

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, wa kwaya na wa Jumatano ya maombi. Kwake nyatiti ilikuwa ngoma ya dunia, na ukuta kati yetu na wao ulikuwa mwembamba. Wimbo ukizidi, alichukua mwiko akagonga ukuta mara tatu. Jirani alishusha sauti, na baada ya muda ikapanda tena pole pole, mama akagonga tena, na hivyo ndivyo walivyozungumza Jumamosi nyingi. Mimi nilikatazwa katakata kusimamisha wimbo. Kuusikia ni ajali, mama alisema, lakini kusimama mbele ya watu ukajisifu ni dhambi. Kwa hiyo nilikuwa nakaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, na maneno yangu ya kujisifu nikiyapanga kimoyomoyo. Yalikuwa mazuri kweli. Hayakutoka.

Halafu babu yangu, baba yake mama, akafariki kule Machakos. Tulikwenda kuzika tukarudi. Jumamosi ikafika, kimya. Ya pili, kimya. Mwezi ukaisha. Mama alizunguka nyumbani kama aliyepoteza kitu, akichukua mwiko na kuurudisha. Mwishowe Jumamosi moja alisimama karibu na ukuta akauliza kama Jirani ni mgonjwa. Sauti ikajibu kutoka upande wa pili kwamba si mgonjwa, alikuwa anatungoja. Mama akapangusa macho kwa kanga, akasema, "Basi tumemaliza kulia, Jirani." Haukupita muda ile pete ikagonga. Siku hiyo mama hakugonga ukuta, na mimi nilimpenda yule mzee kwa namna ambayo sikuwa nimempenda mtu asiye wa damu yangu.

Mimi aliniita nyar Ukambani, binti wa Ukambani. Nilipopata nafasi ya shule ya bweni, alinitengenezea kifuniko kipya cha sanduku langu kuukuu, kwa mabaki ya mbao ya mabehewa, na bawaba mbili za shaba. Alinionya kwamba sanduku la mtu halifunguliwi na kila anayetaka. Ningejua kwamba nitakuja kulipwa mshahara kwa kufungua masanduku ya watu, labda ningecheka.

Kazi hiyo niliipata miaka ya themanini ilipoanza. Walikuwa wanataka wasichana wa kukagua mizigo na abiria wanawake. Nilipewa sare, nikahamia chumba cha kupanga karibu na kazini, na karibu mwaka mzima ukapita bila kuonana na Jirani ila kwa salamu alizoniletea mama. Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio, na katika miezi hiyo kosa moja lilitosha kukurudisha nyumbani. Kulikuwa na kanuni nyingi. Mojawapo ilisema kwamba ukimjua msafiri, useme mapema, ukae kando, na mwenzako amkague. Mkubwa wetu wa zamu alikuwa Inspekta, mtu mrefu, safi, ambaye alikijua kitabu cha kanuni ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa mbaya. Alikuwa hana nafasi ya kitu ambacho hakimo kitabuni.

Ndipo mama akanipigia simu ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mgeni mmoja wa Ulaya alikuwa amemsikia Jirani kwenye ukumbi wa mtaa wetu, na sasa imekuja barua, na tiketi ndani yake: aende Ujerumani akapige nyatiti kwenye tamasha, na anasafiri Ijumaa. Mama alisema pia, akijifanya halimhusu, kwamba basi limekodiwa na yeye ameona si vibaya kwenda kutazama ndege. Nikamwomba mwenzangu tubadilishane zamu. Nilitaka kuwa pale atakapopita.

Alikuja saa tisa alasiri kasoro dakika chache, kwa suti ya kahawia niliyoifahamu tangu harusi ya binti yake. Nyatiti ilikuwa kifuani mwake ndani ya lile shuka la maua, na kigoda kikining'inia begani kwa kamba. Watu wa Kaloleni walikuwa wamezuiwa nje ya mlango wa kioo, wamejibana wanachungulia. Nilimwona mama, amevaa kofia ya kanisani. Jirani alifika mezani kwangu, akanitazama usoni, akasema, "Habari ya kazi, binti." Binti, kama ambavyo angemwita msichana yeyote.

Nilimwelewa papo hapo. Hakutaka kunitia matatani. Kitu ambacho kilipaswa kutoka kinywani mwangu wakati ule ni kwamba namjua huyu mzee, na hakikutoka. Nilisema, "Nzuri, mzee. Weka mzigo hapa." Nasema wazi kwamba nilikuwa mwoga, na uoga wenyewe niliupa jina la utiifu.

Mashine ya kupitisha mizigo ilikuwa na mdomo mdogo, na nyatiti haikuingia. Tukaijaribu kwa upana, kwa urefu, kwa ubavu. Msururu ukarefuka. Inspekta akaja na tochi. Akalifungua shuka, na lile fundo moja likamsumbua kuliko nilivyotarajia. Akamulika tundu la sauti lililoko kwenye ngozi, tundu la kuingiza kidole kimoja, asione kitu ila giza.

"Ndani mna nini?" akauliza.

"Mna hewa, afande," Jirani akasema.

"Nitajuaje kwamba ni hewa?"

Inspekta akapekua kitabu, akasoma kimya, kisha akachukua kile kisu kidogo tulichotumia kukatia makasha akanikabidhi mimi. Akasema nikate ngozi kando kidogo, tuone ndani, mzee ataishona akifika.

Ngozi ya nyatiti haishonwi. Nilimwona Jirani akiiwamba, nilijua huloweshwa, huvutwa, hupigwa vigingi, na hukaushwa juani siku nyingi. Ikikatwa, chombo kizima kinakuwa bakuli lililofunikwa ngozi iliyolegea. Ndege ilikuwa inaondoka baada ya saa moja. Jirani alieleza hayo kwa utulivu, kwa sauti ya kanisani. Inspekta akasema anaelewa, lakini hana ruhusa ya kuamini. Nilisimama na kisu mkononi.

"Afande," Jirani akasema, "kabla binti hajakata, niruhusu niipige mara moja. Kama ndani kuna kitu, haitalia sawasawa."

Inspekta akaitazama saa yake, akasema dakika mbili. Jirani akashusha kigoda pale kwenye sakafu ya marumaru, akakikalia, akavua kiatu na soksi ya mguu wa kulia bila haraka yoyote. Akatoa njuga mfukoni akazifunga. Akavaa pete. Kisha akapiga.

Nimeisikia nyatiti barazani, kupitia ukuta, kupitia mvua juu ya vigae. Sikuwahi kuisikia mahali penye dari refu namna ile. Msururu uliacha kunung'unika. Wanawake wa usafi wakaegemea fagio zao. Mzungu mmoja akaweka mkoba wake chini akausahau. Dakika mbili zikapita, zikawa nne, na Inspekta, ambaye nadhani alishituka kuona hata yeye alikuwa anasikiliza, akainua mkono akasema, "Simama."

Jirani akasimamisha hapo hapo. Akaweka kiganja juu ya nyuzi, akainua uso, akangoja. Nami nilipouona uso ule, nusura nicheke na nusura nilie. Ulikuwa uso wa Jumamosi. Kwake yeye, mtu alikuwa ameinua mkono akausimamisha wimbo, na mtu huyo sasa alikuwa na deni la maneno. Mpaka leo sijui kama alisahau yuko wapi au alifanya makusudi. Nilipomwuliza miaka baadaye alisema hata yeye hajui.

"Sema, afande," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Umesimamisha wimbo. Kwetu anayeusimamisha hujitaja. Wewe ni nani?"

Inspekta akataja cheo chake, na idara, na namba ya kitambulisho. Jirani akatikisa kichwa polepole, akasema hiyo ni kazi, yeye ameuliza mtu. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Inspekta sasa, pamoja na nyuso za Kaloleni zilizobanwa kwenye kioo. Mtu aliyeuliza maswali mchana kutwa, kila siku, hakuwa amezoea kuulizwa. Akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni mtoto wa mwisho wa mama mmoja wa Taveta," akasema. "Aliuza ndizi stesheni, kwenye madirisha ya treni. Treni ikianza kuondoka alikimbia nayo mpaka apate haki yake. Amenisomesha kwa mbio hizo."

Jirani akapiga. Akamwimba yule mama wa Taveta akikimbia kando ya behewa, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili ili mwenyewe asikie, na pete ikawa miguu yake, ko, ko, ko, ko. Halafu akaimba dirisha lenyewe, jinsi lilivyoshuka laini bila kukwama ili mkono wa abiria utoke na ndizi iingie, na akamtaja seremala aliyelitengeneza, yeye mwenyewe, kwa jina lake kamili. Nilikuwa nimengoja miaka yangu yote nisikie hilo. Inspekta hakuwa na namna ya kuficha macho yake, na hakujaribu.

Lakini alikuwa mtu wa kitabu, na machozi hayakuibadilisha kanuni. Alirudisha kofia, akasema amekubali kwamba hiki ni chombo cha muziki. Hata hivyo kifungu kinasema kitu kisichofunguka hukatwa, isipokuwa mfanyakazi wa hapa amdhamini mwenye kitu kwa maandishi, na mfanyakazi huyo awe anamfahamu. Akatutazama sote tuliovaa sare.

"Nani hapa anamjua huyu mzee?"

Wenzangu wakatazamana. Jirani alikuwa bado anagusa nyuzi kwa vidole, taratibu, akinitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kwamba hapana. Alijua habari za miezi ya majaribio. Mama alikuwa amemwambia. "Kata tu, binti," akasema. "Huko niendako nako kuna ng'ombe."

Aliyasema kwa mzaha, na mzaha ule ndio uliovunja kitu kifuani mwangu. Niliweka kisu mezani. Nikatoa sarafu mfukoni mwa sare nikaiweka kando ya kisu, nikainua mkono.

"Ngoja kwanza," nikasema.

Nyuzi zikanyamaza.

"Mimi ni nyar Ukambani," nikasema, na sauti yangu niliisikia ikifika mpaka kwenye dari. "Ni mtoto wa dereva wa lori la baraza. Ni mtoto wa mama yule pale, mwenye kofia. Nimezaliwa upande wa pili wa ukuta wa mzee huyu. Nyatiti hii naijua tangu sijajua kusoma, na ndani yake hamna kitu cha kuficha. Namjua, na alipofika mezani kwangu nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Sasa nimesema. Mkinifukuza, mtakuwa mmemfukuza mtu anayejijua."

Halafu Jirani akanipiga, simaanishi vingine, alinipiga mimi kwenye nyuzi nane: baba yangu na lori lake, mama na kofia yake, ukuta, na msichana aliyeusimamisha wimbo katika nyumba ya ndege. Upande wa pili wa kioo Kaloleni ilipiga vigelegele, na nikaona wazi kabisa kwamba kimojawapo kilitoka kwa mama yangu, mwanamke wa Jumatano ya maombi, kichwa nyuma, mdomo wazi.

Inspekta akafungua kitabu cha wadhamini, akakisukuma mbele yangu. "Kesho saa mbili uje ofisini tuzungumze kuhusu kunyamaza," akasema.

"Ndiyo, afande."

Nikaandika jina langu. Ilikuwa imebaki muhuri tu. Lakini yeye alichukua ile kalamu mkononi mwangu, na chini ya jina langu, mahali ambapo kanuni haikumtaka aandike chochote, akaandika lake.

Jirani alifunga shuka, fundo moja, akatundika kigoda begani, akaikumbatia nyatiti. Kiatu cha kulia alikisahau mkononi. Alikwenda hivyo kuelekea ndege, mguu mmoja na kiatu, mwingine na njuga na pete ya chuma, na alipopita chini ya lango la kukagulia abiria, lango zima likalia kwa kelele. Askari wawili wakageuka wakamtazama Inspekta. Inspekta alikuwa ameweka mikono nyuma, anatazama mbele. Lango likaendelea kulia, Jirani akaendelea kutembea, na hakuna mtu aliyemwita arudi.